Kilele cha grafu ya sola si maji ya siku nzima

Wakulima wenye pampu za sola huku Nyando na Ahero, Kisumu, hii tabia ya kusoma kilele tu cha ile grafu ya simu inayoonyesha wati za paneli itawamaliza. Mtu anafungua simu saa saba, anaona laini imepanda mpaka wati 900, anazidisha na masaa 12 ya mchana, anapata yuniti 10.8 za umeme (yuniti moja ni wati-saa 1,000), halafu huyo, ekari mbili na nusu za nyanya. Baadaye maua yanadondoka, tenki haijai, na fundi anaambiwa ameuza paneli feki. Paneli ziko sawa, hesabu ndio mbaya, na hela ya miche na vibarua imeenda hivyo.

Wati 900 ni nguvu ya hiyo dakika tu. Umeme wa siku ni eneo lote chini ya laini, kuanzia inapopanda asubuhi mpaka inapolala jioni. Kama grafu yako ina mistari ya kila saa na ya kila wati 200, basi boksi moja ni wati-saa 200. Hesabu boksi zote zilizo chini ya laini, vile vipande uviunganishe mpaka vitimie boksi nzima. Siku hiyohiyo ya wati 900 unaweza kupata boksi 22, yaani yuniti 4.4 pekee. Kama pampu yako inainua lita 5,000 kwa yuniti moja, hizo ni lita 22,000, si 54,000. Na nyanya zenye matunda, jua likiwaka, zinataka kama milimita 5 kwa siku, ambayo kwa ekari ni lita 20,000 hivi. Ekari moja basi!

Na tafadhali msihesabu mikia ya laini, ile ya asubuhi na jioni. Asubuhi mapema mota inazunguka, grafu inaonyesha wati, lakini maji bado yamekwama ndani ya paipu hayajafika juu. Simama kwa tenki, angalia saa maji yanapoanza kumwagika na saa yanapokatika jioni, uhesabu boksi za katikati ya hizo saa mbili pekee, nimesema hii kila mkutano na bado watu wanakadiria wakiwa wamekaa nyumbani.

Siku ya mawingu ya kukatikakatika ndio inadanganya zaidi, laini inakuwa meno meno na jino moja linaweza kupita hata kilele cha siku safi, kwa sababu ukingo wa wingu unaongezea paneli mwanga kwa muda mfupi. Hiyo ndio mnapiga picha mnatumiana! Huku kwetu pia ziwa linaleta mawingu na mvua mchana, kwa hivyo usichukue nusu ya asubuhi ukazidisha na mbili. Kilele chenyewe upande wa Kisumu kinakuja karibu saa sita na dakika 40, Februari kinasogea karibu na saa saba, kwa hivyo siku safi laini ikianza kushuka saa tano, tafuta mti unaotia kivuli au uangalie kama paneli zimeelekea mashariki.

Hesabu boksi hivyo siku 7 mfululizo, uchukue wastani, na siku mbaya usiziruke hata moja. Ekari zipangwe na huo wastani kabla hujanunua miche.

Ikifika saa tisa uone laini imeanguka mpaka sifuri jua likiwa bado kali, chungulia tenki kwanza, ikiwa imejaa ni floti, ile swichi ya kuzima pampu tenki ikijaa, imekata, usimpigie fundi.