Somo: Kofia ya jino hupangwa kuanzia mzizini

Assalaam alaykum. Wengi wanaofika kliniki huulizia bei ya kofia, yaani kifuniko kigumu kinachovishwa jino zima lililochongwa, kabla ya kuulizia hali ya jino lenyewe, ilhali kofia ni kazi ya mwisho katika mpango mzima.

Hatua ya kwanza ni uchunguzi. Daktari hugonga jino, hupima kina cha ufizi kwa kijiti chenye alama za milimita, kisha hupiga eksirei inayoonyesha ncha ya mzizi, kwa kuwa usaha unaweza kukaa huko bila maumivu yoyote.

Hatua ya pili ni kutuliza kinywa: ugaga huondolewa, matundu huzibwa na mzizi wenye maradhi hutibiwa. Kipimo cha kutengenezea kofia kikichukuliwa wakati ufizi unavuja damu, ukingo wa kofia hautakaa sawasawa.

Hatua ya tatu, ambayo naiona nzito kuliko zote, ni kuamua jino lichongwe kiasi gani, kwa sababu kilichochongwa hakioti tena. Kofia ya kauri kwenye gego huhitaji jino lichongwe takriban milimita 1.5 hadi 2 upande wa kutafunia, na chini yake ubakie ukuta imara wa jino wa kama milimita 2 juu ya ufizi, la sivyo kisiki huweza kuvunjika ndani ya kofia. Vinia, yaani kigamba chembamba cha kauri kinachobandikwa mbele ya jino, huhitaji lichongwe kama nusu milimita upande huo, na hushika vyema zaidi juu ya enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino. Kulivisha kofia jino lenye afya lililopinda kidogo tu ni hasara, hata kama harusi ni mwezi ujao.

Rangi huchaguliwa kwa mwanga wa mchana kabla jino halijakauka.

Maswali ya wanachama

Swali (Wete): Daktari, tambuu imenibadilisha rangi ya meno. Niweke vinia mbele kwanza, halafu niyang'arishe mengine?

Jibu: Hapana, Bibi. Yasafishwe na kung'arishwa kwanza, usubiri kama wiki 2, ndipo rangi ichaguliwe, kwani kauri haibadiliki kwa dawa ya kung'arisha. Huenda usizihitaji tena hizo vinia.

Swali (Micheweni): Kofia ya muda imetoka, na ya kudumu bado iko maabara Unguja. Nisubiri?

Jibu: Usisubiri, ndugu yangu. Jino lisilo na kofia husogea na ya kudumu ikakataa kuingia. Ihifadhi hiyo ya muda, usiigandishe kwa gundi ya dukani, uipeleke kwa daktari wa meno aliye karibu airudishe kwa saruji ya meno ya muda.