Kuvuka majimbo ya Marekani na bunduki ndani ya gari: ninavyofanya kutoka Ohio hadi Maine

Kila Novemba natoka Columbus, Ohio, na bunduki ya kuwindia kulungu, naelekea Maine. Ni zaidi ya maili 800, na njiani kuna majimbo ambayo sheria zake za silaha hazifanani hata kidogo. Jirani yangu Mmarekani akikosea hapo katikati atalipa wakili, pengine atafungwa. Mimi mwenye grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu, si uraia) nikikosea, hayo yote yananipata na juu yake napandishwa ndege. Sheria ya uhamiaji inasema wazi kwamba asiye raia akipatikana na hatia ya kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria yoyote, ya taifa au ya jimbo, anaweza kurudishwa kwao. Haijalishi umekaa miaka mingapi. Ndiyo maana nafunga bunduki yangu kwa namna ambayo wenzangu wa uwindaji wanaicheka.

Hatua ya 1: Anza na makaratasi yako, bunduki baadaye

Mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya taifa kumiliki bunduki. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi vilevile. Mwenye viza ya muda, yaani mwanafunzi, mgeni au mfanyakazi wa mkataba, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa awe na sababu zilizotajwa na sheria, mojawapo ikiwa leseni halali ya kuwinda iliyotolewa hapa Marekani. Kama kesi yako ya kuomba hifadhi ya ukimbizi bado inasubiri, au makaratasi yamekwisha muda, usiguse kitu, nenda kwa wakili kwanza. Aliyewahi kupatikana na hatia ya kosa kubwa, au ya kumpiga mke au mume hata kama lilihesabiwa kosa dogo, naye hayumo.

Na bangi. Vijana wetu wananunua dukani Ohio kwa risiti wanadhani mambo yamekwisha. Sheria ya taifa bado inaikataza, na fomu ya kununulia bunduki, ile namba 4473, inakuonya hivyo kwa maandishi. Isiwemo kwenye gari hata punje.

Hatua ya 2: Jua ngao yako ni ipi na inaishia wapi

Ngao ya msafiri ni kifungu 926A cha sheria ya taifa, kilichotokana na sheria ya 1986 ya kuwalinda wamiliki wa silaha. Kinakuruhusu kusafirisha bunduki kutoka mahali unapoweza kuimiliki na kuibeba kihalali hadi mahali pengine unapoweza vivyo hivyo, hata kama majimbo ya katikati hayaitaki. Masharti: bunduki isiwe na risasi ndani, na bunduki pamoja na risasi zisifikiwe kutoka pale wanapokaa watu. Kama gari halina buti lililotengwa, viwekwe ndani ya chombo kilichofungwa kwa kufuli, na droo ya dashibodi au kisanduku cha katikati ya viti havihesabiwi hata vikiwa na ufunguo.

Soma tena hayo maneno "kuimiliki na kuibeba". Mwanzo na mwisho wa safari vyote lazima viwe halali kwako. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia alivuka kuingia New Jersey na bastola yake. Aliposimamishwa alimwambia askari mwenyewe kwamba anayo, akidhani kibali chake cha Pennsylvania kinatosha. Hakikutosha. Alishtakiwa kwa kosa ambalo lingemweka gerezani miaka, na mwishowe aliokolewa na msamaha wa Gavana Chris Christie mwaka 2015. Kibali cha kubeba ni cha jimbo lililokitoa na majimbo yanayokitambua, basi. Ohio tangu Juni 2022 hata hakihitajiki kwa mtu wa miaka 21 au zaidi asiyekatazwa silaha, lakini uhuru huo unabaki pale kwenye kibao cha mpaka.

Hatua ya 3: Chora njia, na punguza mizigo

Njia yangu ni barabara kuu ya I-71 hadi Cleveland, kisha I-90 kupita Erie, Pennsylvania, halafu New York yote kwa upana: Buffalo, Rochester, Syracuse, Utica, Albany. Ramani ya simu inataka niendelee na I-90 kuingia Massachusetts. Siifuati. Pale Troy nashika barabara namba 7 hadi Bennington, Vermont, kisha namba 9 juu ya milima hadi Brattleboro, navuka New Hampshire kwa 9 na 101, naingia Maine. Najiongezea kona na pengine theluji, lakini najipunguzia jimbo moja lenye masharti makali ya leseni. Vermont, New Hampshire na Maine ni wapole sana kwa bunduki ya kuwindia.

Kwa hiyo jimbo la kuogopa kwenye safari yangu ni moja: New York. Kwa sababu yake bastola inabaki nyumbani, maana kule hata kuwa nayo tu kunahitaji leseni yao. Magazini (vile visanduku vya kulishia bunduki) za risasi zaidi ya 10 nazo zinabaki. New York inazihesabu kosa, na kifungu 926A kinataja bunduki na risasi, magazini hakizitaji. Sitaki niwe mimi wa kulipa wakili ili jaji aseme kama zimo au hazimo.

Kwa mnaotoka Michigan: simu itakwambia njia fupi ya Detroit hadi Buffalo inapita Ontario. Hiyo ni Kanada! Ukifika kwenye kituo cha mpaka na bunduki ambayo hukuitangaza, 926A haina maana yoyote pale. Zima njia hiyo kabla hujawasha gari, na pale Detroit kaa macho usije ukajikuta kwenye foleni ya daraja la kuvukia bila kukusudia.

Hatua ya 4: Funga

Gari langu ni la familia, la milango mitano, halina buti la kujitenga. Kwa hiyo kila kitu kinaingia kwenye chombo chenye kufuli.

Nafungua bolti (kile chuma cha nyuma kinachoifunga bunduki), naangalia chemba, pale inapokaa risasi, kwa macho, kisha naingiza kidole kidogo nikiguse chuma kitupu. Nafanya hivyo mara mbili, ya pili nikiwa mahali penye mwanga. Nachomoa bolti kabisa, naifunga kwenye soksi nzito, naiweka kwenye begi lingine. Bunduki bila bolti ni bomba na mbao tu. Inaingia kwenye sanduku gumu la plastiki lenye matundu mawili ya kufuli, na naweka kufuli zote mbili. Lenye moja tu ukilivuta kona ya pili unaona mpaka ndani, nimejaribu.

Risasi, ambazo kwangu ni .308, zinakaa kwenye pakiti zake za dukani ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli lake. Vyote viwili naviweka nyuma kabisa, chini ya mabegi ya nguo. Funguo ziko ndani ya mojawapo ya mabegi hayo, mbali na ule wa gari. (Anayeniuliza kwa nini nisiwinde hapahapa Ohio: .308 ina shingo, yaani ganda lake linabanwa mbele, na kulungu wa Ohio hawindwi kwa bunduki ya risasi yenye shingo.)

Sasa hili ndilo lililonifundisha. Safari yangu ya pili nilikuwa na kijana wa Bukavu ninayefanya naye kazi ghalani. Tulisimama kupumzika kabla ya Syracuse, baridi ikamzidi, nikamwambia avae koti langu la kuwindia lililokuwa kiti cha nyuma. Akaingiza mkono mfukoni, akautoa na risasi mbili. "Yaya," akaniita, maana kwao yaya ni kaka mkubwa, "hizi zinafanya nini huku?" Zilibaki tangu mwaka uliopita. Risasi mbili kiti cha nyuma, katikati ya New York, na ngao yangu yote ilikuwa imetoboka bila mimi kujua. Siku hizi napekua makoti, suruali, glavu, mifuko ya milango na chini ya viti, nikiwa na tochi, kabla ya kupakia chochote.

Hatua ya 5: Usilale kwenye jimbo kali la katikati

Mwaka 2005 msafiri wa Utah aliyekuwa anakwenda Pennsylvania kwa ndege alikosa kuunganisha ndege pale Newark, New Jersey, akalala hotelini na begi lake lenye bastola. Asubuhi aliitangaza kaunta kama inavyotakiwa, akakamatwa. Aliposhitaki, mahakama ya rufaa mwaka 2010 ilisema usiku ule begi lilikuwa mkononi mwake, kwa hiyo 926A haikumlinda. Mashtaka dhidi yake yalikuwa yamefutwa, ila siku za rumande hazirudi.

Kwa hiyo mimi nalala Erie, kabla ya kuingia New York. Natoka saa kumi na moja alfajiri tanki likiwa limejaa, na ikifika saa sita mchana hivi niko Vermont nakula. Ndani ya New York nasimama kwa mafuta na choo tu. Hakuna kumtembelea shemeji Rochester. Atapigiwa simu.

Hatua ya 6: Ukisimamishwa

Nimesimamishwa mara moja, taa ya nyuma ilikuwa imekufa. Mikono juu ya usukani, taa ya ndani imewashwa, dirisha limeshuka. Nilitoa leseni, usajili na bima. Grini kadi yenyewe natembea nayo, sheria inamtaka kila mwenye nayo aliyetimiza miaka 18 awe nayo mwilini. Baadhi ya majimbo yanamtaka aliyebeba silaha amwambie askari mara moja, kwa hiyo somea hilo kwa kila jimbo kabla ya kuondoka.

Ukiulizwa, usidanganye. Jibu fupi: ipo nyuma, haina risasi, imefungwa, naenda kuwinda Maine. Leseni ya kuwinda ya Maine na risiti yenye namba ya bunduki ziwe karibu. Akiomba kupekua, una haki ya kusema kwa adabu kwamba hukubali. Usibishane naye sheria barabarani. Mahakama nyingine ya rufaa, hukohuko New York na mwaka huohuo wa 2010, ilisema 926A haikupi haki ya kumshitaki askari aliyekukamata. Ngao yako inafanya kazi mbele ya jaji, kando ya barabara haina nguvu hiyo.

Ukikamatwa, nyamaza na omba wakili, na umwambie mapema kwamba wewe si raia. Mahakama ya Juu ya Marekani, tena 2010, iliamua kwamba wakili wa kesi ya jinai anawajibika kukueleza hatari ya kufukuzwa nchini kabla hujakiri kosa. Usikiri "kidogo" ili uende nyumbani mapema.

Hatua ya 7: Kufika, na kurudi

Ukitoka kwenye baridi ya Maine kuingia nyumba yenye moto, acha sanduku limefungwa saa moja au mbili ili chuma kisitoke jasho. Kisha fungua, futa mafuta, rudisha bolti.

Kurudi ni hatua zilezile, ila sasa umechoka na mifuko imejaa tena. Tochi, makoti, chini ya viti, kufuli mbili. Halafu ndiyo uwashe gari.