Maji ya Rufiji hayafanani mwaka mzima, pampu kwa akili

Ndugu wakulima wa kando ya Rufiji, mto ni uleule lakini maji ya Novemba siyo maji ya Juni, na wengi tunawasha mashine bila hata kuyaangalia.

Kipindi kibaya kuliko vyote ni mvua za kwanza baada ya kiangazi. Yale maji yakianza kushuka na rangi ya chai ya maziwa, zima mashine siku mbili tatu, maana yanakuja na tope, majivu ya mashamba yaliyochomwa, kinyesi cha mifugo na mabaki ya dawa, yaani uchafu wote wa kiangazi unashuka kwa mpigo. Mchanga unakula impela, lile feni la ndani ya pampu, na kama una dripu, mipira ya kumwagilia kwa matone, ndo kabisa, matundu yanaziba. Ukibanwa sana jaza simtanki, acha yatulie usiku kucha, asubuhi chota ya juu. Chukua chupa tupu ya maji, ijaze, iweke hadi kesho yake uone tope limekaa kiasi gani chini, utashangaa.

Halafu dawa ya magugu yenye glaifoseti usichanganye na maji ya tope, inang'ang'ania chembe za udongo inakosa nguvu, unapiga majani yanakuangalia tu, unaanza kulalamika umeuziwa feki.

Masika yakiisha mto ukarudi nyuma, hapo ndo mlau, yaani kupanda mahindi na kunde kwenye unyevu ulioachwa na mto. Ila Bwawa la Nyerere huko juu ya mto lilianza kujazwa Desemba 2022, na bwawa lolote linashika tope lenye rutuba lisifike shambani, kwa hiyo kalenda ya babu peke yake haitoshi, fuatilia matangazo ya kufungulia maji na anza kuzoea samadi.

Walio huko deltani shida yao ni kiangazi, mto ukipungua nguvu bahari inapanda, hasa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Pampu maji yakiwa yamekupwa, na yaonje kwanza, ukisikia chumvi mdomoni basi maharage na vitunguu vitaungua ncha za majani, bora mchicha.

Na kiangazi hichohicho mamba wanabanana kwenye vina vilivyobaki, kwa hiyo mdomo wa mpira wa kunyonyea ufunge kwenye ufito mrefu uusukume ukiwa ukingoni, usiingie majini kuuweka sawa, hata kama jana ulioga hapohapo.