Karatasi mbili za mwanafunzi: namna ya kumfikia mshauri nasaha na daktari wa akili ukiwa chuoni

Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, nililala kitanda cha juu hosteli siku kumi na moja, nikishuka kwenda chooni na kunywa maji tu. Mwenzangu wa chumba alidhani nina malaria. Nikapima, malaria hakuna. Ilikuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ila jina hilo nililipata miezi minne baadaye, wakati tayari nina sapu (mitihani ya marudio) tatu na mitihani miwili sikuingia kabisa. Leo ni mwalimu wa sekondari. Kila mwaka wanafunzi wangu wanaokwenda chuo huniuliza habari za vyumba, za bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo), za kozi ngumu. Hili hawaniulizi, kwa hiyo nawaandikia.

Ukiwa mwanafunzi, unahitaji karatasi mbili. Ya kwanza unaandika wewe mwenyewe, ya pili anaandika daktari. Mimi nilikwenda mara ya kwanza bila ile yangu, nikakosa la kusema. Ile ya daktari niliipata mitihani imeshapita, nikarudia mwaka.

Kabla ya yote: ikiwa leo hii unawaza kufa, au unasikia sauti ambazo wenzako hawazisikii, acha kusoma na usianze kuandika karatasi yoyote. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, mwende naye idara ya dharura ya hospitali yoyote iliyo karibu, hata kama ni saa nane usiku. Kama ni rafiki yako ndiye yuko hivyo, usimwache peke yake hata dakika tano. Mwamshe mlezi wa hosteli, tafuteni gari. Usimfungie chumbani, usimrekodi video, usimwite "chizi" mbele yake. Ongea naye taratibu, sentensi fupi fupi, na usibishane naye kuhusu anachokisikia.

Karatasi unayoandika wewe

Chana ukurasa wa kaunta buku. Kwa wiki mbili, kila jioni, andika mambo manne: umelala na kuamka saa ngapi, umekula nini, umekwenda darasani au hukwenda, na kitu kimoja ulichokuwa unakipenda ambacho leo kimekushinda. Usiandike insha. Ukurasa wangu ninao hadi leo, niliuandika baada ya mshauri kuniagiza, na sehemu yake inasomeka hivi:

"Jumanne. Nimelala saa 9 usiku, nimeamka saa 11. Chai ya rangi. Semina sijaenda. Mama kapiga mara 3, sijapokea.

Alhamisi. Sijalala. Wali kidogo. Nimekaa kimbweta masaa mawili, ukurasa ule ule. Nimelia njiani, sijui kwa nini."

Mistari hiyo ilisema kuliko mdomo wangu. Siku niliyokwenda bila karatasi, daktari aliniuliza, "Una shida gani?" nikajibu, "Kichwa kinauma." Nikarudi hosteli na panadoli.

Wiki mbili nazo zina sababu. Baadhi ya kliniki hutumia fomu fupi iitwayo PHQ-9, ambayo ipo pia kwa Kiswahili. Ina maswali tisa, yote kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukosa raha, kushindwa kutuliza akili kwenye kusoma, kujiona hufai. Kila swali unajibu kama halikutokea kabisa, lilitokea siku chache, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Alama ni 0 hadi 3 kwa kila swali, jumla ya juu kabisa 27. Fomu peke yake haitoi hukumu ya ugonjwa. Inampa daktari pa kuanzia, na ukirudi baada ya mwezi inaonyesha kama unapata nafuu au unazidiwa.

Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Lijibu kweli. Mimi mara ya kwanza niliweka sifuri, kwa sababu niliogopa nitaripotiwa, au nitalazwa siku hiyo hiyo. Niliposema ukweli mara ya pili, daktari hakushtuka. Aliuliza kama nina mpango wowote, nani ninaishi naye, na nani ninaweza kumpigia usiku. Kuwa na mawazo hayo ni dalili, na daktari anaitibu kama anavyotibu dalili nyingine. Mtu akiificha, anapewa tiba ya ugonjwa mdogo kuliko alionao.

Nyuma ya karatasi andika mambo ambayo ukiwa mbele ya daktari utayasahau au utayaonea aibu. Dawa zote unazotumia, zikiwemo za miti shamba na za uzazi wa mpango. Pombe, bangi, mirungi, na kiasi chake bila kupunguza. Ndugu wa damu aliyewahi kuugua, hata yule ambaye nyumbani hasemwi. Na kuna kitu ambacho wengi hawakitaji kwa kuwa hawakioni kuwa ni ugonjwa: kama uliwahi kuwa na siku ambazo hukulala wala hukuchoka, ukaongea mbio mbio, ukatumia bumu lote kwa wiki moja, ukajiona huwezi kushindwa na lolote, liandike hilo kwa herufi kubwa. Dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mtu mwenye historia hiyo zinaweza kumrudisha kwenye siku hizo za mbio, na daktari asipoambiwa hana pa kulijulia.

Mlango wa kuanzia

Mshauri nasaha wa chuo anakusikiliza na kukusaidia kupanga, haandiki dawa. Daktari wa magonjwa ya akili anapima, anatibu na kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba anafanya tiba ya mazungumzo kwa utaratibu, kikao baada ya kikao. Hospitalini unaweza kupokelewa kwanza na muuguzi aliyesomea afya ya akili, naye usimdharau: ndiye aliyenielewa mimi kabla ya wote. Anza na yeyote aliye karibu, atakuelekeza kwa mwingine.

Chuoni, mshauri nasaha mara nyingi yuko chini ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, jengo lile lile zinakosikilizwa kesi za nidhamu na za vyumba. Hofu ya wanafunzi inaanzia hapo, na ina msingi. Dawa yake ni kuuliza kabla hujafungua moyo. Kaa, salimia, sema: "Shikamoo mama. Kabla sijaanza naomba kujua, haya nitakayosema yanaandikwa wapi, na nani anaweza kuyasoma?" Mshauri mzuri atakujibu bila kukasirika. Atakwambia ni siri, na atakwambia pia mipaka ya siri hiyo: maisha yako yakiwa hatarini, au ya mtu mwingine, atalazimika kumhusisha mtu. Akikwepa swali, au ikiwa ni mhadhiri anayekufundisha, omba mwingine kwa heshima, au nenda moja kwa moja hospitali.

Hospitalini kliniki ya akili huwa na siku zake. Uliza siku moja kabla, kisha fika asubuhi na mapema ukiwa na kitambulisho cha chuo na kadi ya bima. Wakati wangu mwanafunzi alilipa Sh 50,400 kwa mwaka kwa ajili ya kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na kadi hiyo niliyokuwa naitumia kwa mafua tu ndiyo iliyonilipia kliniki na dawa. Kama bima yako inadai rufaa, anzia zahanati ya chuo uandikiwe.

Mahali fulani, ambapo sitapataja, mhudumu wa dirishani aliita kwa sauti kubwa, "Wale wa akili wapite huku!" Benchi zima likageuka. Nilitoka nje, nikakaa chini ya mwembe, nikarudi wiki mbili baadaye. Wiki mbili hizo zilinigharimu mitihani. Ikikutokea wewe, usitoke. Mfuate karibu, mwambie kwa sauti ya chini, "Dada, naomba uniite kwa namba." Niliporudi ndivyo nilivyofanya, na aliona aibu, akaniita kwa namba hadi siku ya mwisho.

Kwetu Korogwe mtoto mkorofi alikuwa anatishwa kwamba atapelekwa Lutindi, hospitali ya akili kule milimani Usambara. Waliokulia Dodoma wanajua jina la Mirembe linavyotumika kwenye utani, hospitali iliyokuwepo tangu 1927. Tulikua tukiyajua majina ya hospitali kama matusi, ndiyo maana miguu inakuwa mizito. Wengi wanaotibiwa akili hawalazwi. Wanakuja, wanaonwa, wanachukua dawa, wanawahi daladala. Mimi sikulazwa hata usiku mmoja.

Dawa

Nilianzishiwa amitriptilini. Mdomo ulikauka kama nimekula majivu, na kipindi cha saa mbili asubuhi nililala waziwazi mbele ya mhadhiri. Nilitaka kuacha. Badala yake nikarudi kwa daktari, akasogeza muda wa kumeza kutoka saa tano usiku hadi saa mbili usiku, na usingizi wa asubuhi ukapungua. Mwenzangu wa kliniki alipewa fluoksetini, yeye alimeza asubuhi na siku za mwanzo alisikia kichefuchefu. Kila mwili na dawa yake, kwa hiyo usimeze vidonge vya mwenzako.

Dawa hizi hazifanyi kazi siku ile ile. Mara nyingi ni wiki mbili hadi nne ndipo uone nafuu, wakati mwingine hadi sita, na maudhi yanatangulia kabla ya nafuu. Hapo ndipo wengi wanapoziacha. Tena kwa vijana walio chini ya miaka 25, wiki za mwanzo mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Ndiyo maana daktari anakupa tarehe ya karibu ya kurudi. Usiiruke kwa sababu ya testi. Kama mawazo hayo unayo, omba upewe dawa za wiki moja moja, na mwenzako wa chumba azitunze. Wangu alizifungia kwenye tranka lake la bati, akawa ananipa kidonge kila baada ya chakula cha usiku, hatuongei sana.

Ukipata nafuu usiache. Daktari kwa kawaida huendelea na dawa miezi sita au zaidi baada ya wewe kuwa sawa, kisha anazipunguza kidogo kidogo.

Mama alipojua, alitaka niombewe. Sikumkatalia. Jumapili nilikwenda kuombewa, Jumatatu nilikwenda kliniki, na vidonge vilikuwa kwenye mkoba siku zote mbili. Nilimwomba jambo moja tu: asikubali mtu yeyote aniambie nitupe dawa. Alilisimamia hilo hata mbele ya mchungaji.

Karatasi anayoandika daktari

Siku ya kwanza kabisa, kabla hujatoka chumbani, sema: "Daktari, mitihani yangu inaanza tarehe fulani. Kama huoni ninaweza kuifanya, naomba barua." Daktari wa akili hajui ratiba ya chuo chako. Usipotaja tarehe, hatafikiria barua.

Ukiwa nayo mapema, unaweza kuomba mtihani maalumu au kuahirisha masomo. Maombi mara nyingi hupitia kwa mkuu wa idara, nawe usiwape karatasi halisi bila kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua haihitaji kutaja jina la ugonjwa. Mwombe daktari aandike kwamba uko chini ya matibabu na hufai kufanya mtihani kwa kipindi fulani, hiyo inatosha kwa ofisi nyingi. Usikae kimya ukakosa mtihani ukitegemea kujieleza baadaye: kwenye karatasi za chuo, aliyeugua bila barua na aliyetoroka ni mtu mmoja. Barua yangu ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa na tarehe ya baada ya mitihani. Niliponea chupuchupu kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, kwa rufaa na kwa mwaka mzima wa kurudia.

Kama unasoma kwa mkopo, pita kwa afisa mikopo kabla hujasaini fomu ya kuahirisha. Muulize kitakachotokea kwa bumu, na unatakiwa kuandika nini ili ukirudi mkopo uendelee. Uliza pia kuhusu chumba cha hosteli.

Na ukikaribia kumaliza mwaka wa mwisho huku bado unatumia dawa, usisubiri mahafali. Bima ya mwanafunzi ina mwisho, na kliniki ya chuo haitakufuata kijijini. Miezi miwili kabla, omba barua ya kuhamishia matibabu, iwe na jina la dawa, dozi na tarehe ulizoanza, na uchukue dawa za mwezi mmoja za akiba kama daktari akiridhia. Yangu niliipeleka hospitali ya wilaya nyumbani. Muuguzi aliisoma, akafungua faili jipya, akaniuliza nataka kuja Jumatatu au Alhamisi.