Fidia ya mkono ulioumizwa na kazi ya Posta ya Marekani: namna ya kuandaa ripoti ya daktari

Maelezo haya ni ya walioajiriwa na serikali kuu ya Marekani, wakiwemo wafanyakazi wa Posta. Kama mwajiri wako ni kampuni binafsi ya vifurushi, utafuata sheria ya jimbo lako.

Maumivu au ganzi iliyojijenga kwa zaidi ya zamu moja hudaiwa kwa fomu CA-2, kupitia ECOMP, mfumo wa mtandaoni wa Wizara ya Kazi ya Marekani. Wengi hukimbilia CA-1 kwa sababu ina siku 45 za kuendelea kupata mshahara, lakini hiyo ni ya jeraha la siku moja au zamu moja tu. Muda wa kudai ni miaka 3. Usisubiri, maana kumbukumbu za zamani ni ngumu kuzithibitisha.

Kabla ya kumwona daktari, andika ukurasa mmoja kuhusu kazi yako. "Napanga barua" haitoshi. Eleza kiganja kinakunjwaje, mara ngapi kwa dakika, kwa saa ngapi kwa siku, uzito unaobeba, na umeifanya kwa miaka mingapi. Taja pia shughuli za nyumbani zinazotumia mikono, kwani zikifichwa halafu zikajulikana, dai zima hutiliwa shaka. Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani wa hospitali: sentensi moja iliyoandikwa vibaya kwenye faili siku ya kwanza itasomwa mpaka mwisho.

Madai mengi huangukia kwenye ripoti yenyewe. "Maumivu ya mkono" ni dalili, si ugonjwa. Daktari ataje ugonjwa, kwa mfano kubanwa kwa neva ya kati kwenye kifundo cha mkono, na aambatishe alichokiona alipokupima pamoja na majibu ya kipimo cha umeme wa neva. Kisha aeleze kitabibu jinsi mikunjo ile, kwa saa zile, ilivyoleta ugonjwa huo. Hapa ndipo ukurasa wako unapofanya kazi. "Huenda imetokana na kazi" ni maneno dhaifu. "Mgonjwa anasema ni kazi" si maoni ya daktari hata kidogo, na kusema tu kwamba dalili zilianza baada ya kuajiriwa hakuthibitishi chanzo.

Una kisukari, matatizo ya tezi ya shingo, au uliwahi kuvunjika mkono? Daktari asivikwepe. Ugonjwa wa zamani uliozidishwa na kazi nao hufidiwa, mradi ripoti ieleze kazi imeongeza nini. Kama aliyekuhudumia ni muuguzi, hakikisha daktari naye amesaini.

Ukipokea barua inayotaka ushahidi zaidi, mpelekee daktari barua hiyo yenyewe ili ajibu kila swali kabla ya tarehe iliyoandikwa. Mshahara uliopotea hudaiwa kwa CA-7: theluthi mbili ya mshahara, au robo tatu kama una wategemezi.

Dai likikataliwa, una siku 30 za kuomba kusikilizwa, mwaka 1 wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, au siku 180 za kukata rufaa kwenye ECAB, bodi ya rufaa za fidia za wafanyakazi wa serikali kuu. Bodi hiyo haipokei ushahidi mpya. Kama kilichokosekana ni maelezo ya daktari, chagua mojawapo ya njia mbili za kwanza, na upeleke ripoti iliyorekebishwa.