Namna ya kupima mchango wa wanasiasa katika vita na magaidi

Kwenye baraza za kahawa, iwe Jaws Corner au Wete, mazungumzo ya vita vya Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, huishia kwenye idadi ya askari. Anzeni na tarehe. Chukueni karatasi, pigeni safu tatu: shambulio, uamuzi wa serikali, matokeo uwanjani.

Jazeni hivi. Mji wa Mocímboa da Praia ulishambuliwa na magaidi Oktoba 2017, wakauteka Agosti 2020. Serikali ya Nyusi, rais wa Msumbiji wakati huo, ilijaribu kwanza mamluki, ikasita kukaribisha majeshi ya kigeni. Mji wa Palma nao ukavamiwa Machi 2021. Julai wakaingia Wanyarwanda wapatao 1,000, kisha kikosi cha SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), Watanzania wakiwemo. Agosti 8 Mocímboa da Praia ikakombolewa. Basi, hesabuni pengo la safu ya kwanza na ya pili, toka shambulio la kwanza hadi majeshi ya kigeni kuingia: karibu miaka minne. Hiyo ni alama ya siasa, bunduki haihusiki.

Halafu ulizeni amri inatoka kwa nani. Rwanda ilikuja kwa makubaliano ya nchi mbili, SADC kwa idhini ya jumuiya. Mwanya kati ya maeneo yao ndio njia ya mpiganaji (wavuvi wetu wanajua, samaki hupenya pale nyavu zisipokutana).

Kosa kubwa ni kuandika "ushindi" mji ukikombolewa. Ongezeni safu ya nne: polisi, hakimu, shule, soko la samaki, vimerudi? SADC iliondoka Julai 2024 na mashambulizi yakaendelea. Safu hiyo ikiwa tupu, msianze kulaumu jeshi.