Jinsi ya Kuotesha na Kutunza Melaleuka Yenye Gome la Karatasi

Melaleuca squarrosa ni kichaka cha asili cha kusini-mashariki mwa Australia, kuanzia New South Wales na Victoria hadi Tasmania, ambako huota kando ya vijito na katika ardhi chepechepe. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuzingatia ni maji. Kipe kichaka hiki mahali penye jua pasipokauka, na usikiwekee mbolea yenye fosforasi nyingi, kwa kuwa kimezoea udongo usio na rutuba kubwa.

Mbegu zimo katika vitunda vidogo vigumu vilivyoshikamana na tawi, navyo huweza kukaa miaka kadhaa bila kufunguka. Kata kijitawi chenye vitunda vya zamani, si vya msimu huu, ukitie ndani ya mfuko wa karatasi mahali pakavu penye joto, na baada ya siku chache mbegu zitamwagika zenyewe. Kwa kuwa ni laini kama vumbi, zinyunyize juu ya udongo bila kuzifukia, kisha simamisha chungu ndani ya sinia lenye maji kidogo ili unyevu upande kutoka chini, maana ukimwagilia kwa juu utazisomba zote.

Maua yake ya rangi ya maziwa, yenye harufu nzuri sana, huchanua majira ya kuchipua. Ukitaka kuonja nekta, yaani maji matamu ya maua, amka mapema kabla ya nyuki, chagua maua ambayo hayajapuliziwa dawa, na uyatikise ndani ya maji safi mpaka maji yapate utamu. Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, wametengeneza vinywaji vya namna hii kwa maua ya jamii mbalimbali za melaleuka, na mimi naona hakuna njia bora zaidi. Usichume yote, kwani ndege wanaokula nekta wanayategemea.

Pogoa mara maua yanapokwisha, ukikata nyuma kidogo tu ya sehemu iliyochanua, kwa sababu tawi kuukuu lisilo na majani huenda lisichipue tena. Kagua pia machipukizi: unga wa manjano ni dalili ya kutu ya mihadasi, kuvu iliyogunduliwa Australia mwaka 2010.

Gome libanduke lenyewe. Chukua tabaka za nje zilizolegea, wala usichune kuzunguka shina zima.